Timu inajijenga upya: nyota auzwe lini, na kwa bei gani? Tuanzie kwa Karlsson wa Ottawa

Nahodha65 (mwenye uzi)

Wakuu, kila timu ya NHL (ligi kuu ya magongo ya barafuni ya Marekani na Kanada) ikidondoka mkiani mashabiki wanagawanyika: huyu anasema nyota auzwe, yule anasema abaki. Mimi naona tunarukia swali la pili kabla ya la kwanza. La kwanza ni tarehe. Mchezaji yuleyule, kiwango kilekile, anaweza kukuletea mzigo mkubwa mwezi Februari, halafu mwaka mmoja baadaye akakuletea nusu yake kwa sababu tu mkataba umebakiza miezi michache.

Kwa mnaotokea kwenye soka: NHL haina ada ya uhamisho. Tangu makubaliano ya 2005 kati ya ligi na chama cha wachezaji, klabu hairuhusiwi kuweka fedha taslimu ndani ya biashara ya mchezaji. Malipo ni wachezaji wengine, chipukizi ambao klabu inamiliki haki zao, na nafasi za kuchagua kwenye drafti za miaka ijayo (drafti ni pale timu zinapogawana chipukizi wapya kwa zamu, za mkiani zikianza; kila nafasi tunaiita "chaguo"). Juu ya hapo kuna kikomo cha mishahara kinachobana pande zote mbili: dola milioni 79.5 msimu wa 2018–19, milioni 95.5 msimu wa 2025–26.

Sasa beki Erik Karlsson. Ottawa ilimchagua 2008, nafasi ya 15. Akachukua tuzo ya Norris ya beki bora 2012 na 2015. Mwaka 2017 akaifikisha timu mchezo wa saba wa fainali ya Kanda ya Mashariki, Pittsburgh wakawatoa katika muda wa nyongeza wa pili. Msimu uliofuata timu ikamaliza ya 30 kati ya 31. Mkataba wake wa dola milioni 6.5 kwa msimu ulikuwa unaisha majira ya joto ya 2019. Septemba 13, 2018 wakampeleka San Jose.

Walichopokea: senta Chris Tierney, beki Dylan DeMelo, chipukizi Josh Norris na Rudolfs Balcers, chaguo la raundi ya kwanza, chaguo la raundi ya pili, na la pili jingine kama Karlsson angesaini upya San Jose. Hilo la mwisho lingepanda kuwa la raundi ya kwanza kama San Jose wangefika fainali ya Kombe la Stanley 2019.

Msimamo wangu: dili lilikuwa zuri kwa siku lilipofanyika, lakini lilichelewa miezi saba. Dirisha la msimu ule lilifungwa Februari 26, 2018. Aliyemnunua siku hiyo angempata kwa mitoano miwili, ya 2018 na ya 2019. Aliyemnunua Septemba alipata mmoja tu. Huo mtoano wa pili ndio Ottawa waliutupa bure.

---

Sahani_Nyeusi

Mkuu Nahodha65, napinga neno "zuri". Toa chaguo la raundi ya kwanza kwenye dili hilo, uniambie kilichobaki. Tierney alicheza misimu minne akaondoka bure 2022. DeMelo aliuzwa Winnipeg Februari 2020 kwa chaguo la raundi ya tatu. Balcers aliwekwa kwenye orodha ya walioachwa Januari 2021, na waliomchukua bila kulipa chochote ni San Jose haohao waliomtoa. Thamani yote imebaki kwa Norris na kwa chaguo moja ambalo lilipanda kwa sababu San Jose waliporomoka. Beki bora wa kizazi chake, mwenye miaka 28, hakuleta hata mchezaji mmoja aliyekuwa tayari kucheza mstari wa kwanza siku ile.

Halafu tazameni muda. Ottawa walikosa mtoano misimu saba mfululizo na kurudi 2025, wakatolewa na Toronto kwa michezo sita. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Karlsson anaondoka alikuwa anamaliza la saba. Mashabiki waliolipia tiketi miaka yote hiyo walistahili kupewa hesabu hiyo mwanzoni.

---

Kikomo

Hapo kwenye kuporomoka naomba tuende polepole, maana ndipo kazi ya meneja mkuu inapoonekana.

Chaguo lile liliandikwa hivi: San Jose wakikosa mtoano 2019, Ottawa wanachukua la 2019. Wakiingia, linasogea hadi 2020. Na la 2020 halikuwa na ulinzi wowote, hata likitua namba moja ni la Ottawa. San Jose wakafika fainali ya Kanda ya Magharibi 2019 wakafungwa na St. Louis, chaguo likasogea. Sasa angalia kikosi walichokuwa nacho. Joe Thornton alizaliwa 1979, Brent Burns 1985, Marc-Édouard Vlasic 1987 na mkataba wake wa miaka minane ndiyo kwanza unaanza. Joe Pavelski akaondoka bure kwenda Dallas majira ya joto ya 2019, kwa sababu fedha zilikwenda kwa Karlsson: miaka minane, milioni 11.5 kwa msimu. Msimu wa 2019–20 walimaliza wa tatu kutoka mwisho wa ligi.

Matokeo: drafti ya 2020 Ottawa walichagua nafasi ya tatu kwa chaguo la San Jose, Tim Stützle, na nafasi ya tano kwa chaguo lao wenyewe, Jake Sanderson.

Bahati nasibu inayopanga nani aanze kuchagua kwenye drafti ilichangia, sikatai. Lakini kuchukua chaguo la mbele kutoka kwa timu iliyozeeka, tena bila ulinzi, huo ni uamuzi wa mezani. Ukiuza nyota kwa timu inayokwenda kutwaa kombe mwaka huu, usidai chaguo la mwaka huu. Litatua mwishoni mwa raundi. Dai la mwakani au la mwaka unaofuata, wakati mikataba yao mirefu imeanza kuwabana. Buffalo walimuuza Ryan O'Reilly St. Louis Julai 1, 2018, wakaambulia chaguo la 2019. St. Louis wakatwaa kombe, O'Reilly akawa mchezaji bora wa mtoano, na chaguo likatua namba 31, la mwisho kabisa kwenye raundi.

---

Mstari_wa_Bluu

Kikomo umenena. Naongeza kwa O'Reilly kwa sababu tarehe ile ya Julai 1 haikuwa ya kubahatisha. Mkataba wake ulikuwa na bonasi ya dola milioni 7.5 inayolipwa siku hiyohiyo. Klabu inayommiliki saa hiyo ndiyo inayolipa. Dili likafungwa kabla bonasi haijaangukia Buffalo, St. Louis wakaibeba.

Kila mtu akasoma hilo kwa urahisi: muuzaji ana saa inayokimbia. Ukiwa na saa inayokimbia na wenzako wanaiona, bei inashuka. Ndiyo maana Buffalo walibebeshwa Patrik Berglund na Vladimir Sobotka, mishahara miwili ambayo St. Louis walitaka iondoke. Aliyeokoa dili lile ni kijana wa tatu, Tage Thompson, aliyekuja kufunga mabao 47 msimu wa 2022–23. Kwa hiyo unapopima nyota wa timu yako, usiangalie mwaka wa mwisho wa mkataba peke yake. Fungua ratiba ya malipo mwaka kwa mwaka: mshahara wa kawaida kiasi gani, bonasi ya kusaini kiasi gani, inalipwa tarehe ngapi. Mnunuzi asiye na fedha nyingi atamtaka mchezaji baada ya bonasi kulipwa, kwa sababu kwenye kikomo anahesabika kiwango kilekile, yaani wastani wa mkataba, lakini mfukoni anamgharimu kidogo.

---

DadaWaMagongo

Mnamjadili Karlsson mkaacha kosa kubwa zaidi la Ottawa msimu uleule. Mark Stone.

Agosti 2018 Stone alisaini mkataba wa mwaka mmoja tu, dola milioni 7.35, kukwepa usuluhishi wa mshahara. Kwa umri na miaka aliyocheza, mwaka huo mmoja ulimpeleka moja kwa moja kwenye uhuru kamili, yaani kusaini na timu yoyote, Julai 2019. Na kanuni ya ligi inasema mchezaji aliye kwenye mkataba wa mwaka mmoja haruhusiwi kusaini nyongeza kabla ya Januari 1. Maana yake klabu ilijifunga mikono miezi mitano, halafu ikabaki na takriban wiki nane za kujadiliana kabla dirisha kufungwa Februari 25, 2019. Wakala wa mchezaji hana sababu ya kuharakisha. Miezi michache mbele timu 31 zitagombea sahihi ya mteja wake.

Wakamuuza siku ya mwisho, saa za mwisho, kwenda Vegas: beki chipukizi Erik Brännström, Oscar Lindberg, na chaguo la raundi ya pili la Dallas la 2020. Dallas wakafika fainali 2020, chaguo likawa namba 61. Brännström hakuwahi kuwa beki wa jozi ya kwanza, akaondoka bure 2024. Stone akasaini Vegas miaka minane kwa milioni 9.5, akawa nahodha, na mwaka 2023 akafunga mabao matatu katika mchezo uliowapa kombe.

Sasa linganisheni. Karlsson aliuzwa akiwa na mwaka mzima kwenye mkataba, akaleta Norris na chaguo lililozaa Stützle. Stone, akiwa katika ubora wa maisha yake, aliuzwa na miezi minne mkononi, akaleta ambavyo leo havipo kwenye kikosi. Timu moja, meneja mmoja, msimu mmoja. Tofauti ni kalenda. Nahodha65, hoja yako ya tarehe naiunga mkono kwa Stone zaidi kuliko kwa Karlsson.

---

Nahodha65

Dada, nakubali, Stone ni mfano mkali kuliko niliouleta. Na kwa walio kwenye nafasi hiyo: mchezaji wako mwenye uhuru wa masharti (mkataba ukiisha klabu bado ina haki zake) akibakiza mwaka mmoja kufikia uhuru kamili, usimpe mkataba wa mwaka mmoja. Msainishe muda mrefu, au muuze majira hayohayo ya joto haki zake zikiwa bado mkononi mwako.

---

Senta_wa_Pili

Wanaosema uza mapema wasisahau upande wa pili: kuuza mapema hakumaanishi kukurupuka. Colorado na Matt Duchene.

Msimu wa 2016–17 Colorado walimaliza na pointi 48, wa mwisho, na mkiani hapo wakaangushwa na bahati nasibu hadi nafasi ya nne. (Wakamchagua Cale Makar, kwa hiyo mnajua ilivyoishia.) Duchene alitaka kuondoka. Meneja wao, Joe Sakic, alikuwa akipokea ofa tangu majira ya baridi ya 2017, zote akazikataa. Majira ya joto yakapita, kambi ya mazoezi ikafunguliwa, Duchene akacheza huku kila mtu akijua anaondoka. Mashabiki wakamlaumu Sakic kwamba mali inaoza mkononi mwake.

Novemba 5, 2017 dili likafungwa kwa timu tatu: Duchene kwenda Ottawa, Kyle Turris kutoka Ottawa kwenda Nashville, na Colorado wakapokea kutoka pande zote mbili. Beki Samuel Girard, Vladislav Kamenev, Shane Bowers, kipa Andrew Hammond, chaguo la kwanza la Ottawa, chaguo la pili la Nashville, na la tatu la Ottawa.

Kilichomruhusu Sakic kusubiri ni mkataba. Duchene alikuwa amefungwa hadi 2019. Kila mnunuzi wa Novemba 2017 alikuwa bado anapata mitoano miwili. Akingoja hadi majira ya joto ya 2018, mmoja unapotea. Akaenda karibu na ukingo lakini hakuuvuka.

Na chaguo la Ottawa nalo lina somo. Liliandikwa kwamba likitua kumi bora 2018, Ottawa wana hiari ya kubaki nalo na kutoa la 2019 bila ulinzi. Likatua la nne. Ottawa wakabaki nalo wakamchagua Brady Tkachuk. Msimu wa 2018–19 wakamuuza Karlsson, kisha Stone na Duchene mwenyewe, wakamaliza wa mwisho kwenye ligi, na chaguo hilo lilikuwa tayari la Colorado. Likatua la nne tena: Bowen Byram. Girard na Byram wote walikuwa kwenye kikosi kilichotwaa kombe 2022.

Ottawa walianza kubomoa nyumba mwaka ambao kiwanja hakikuwa chao. Ukitaka kujijenga upya, hatua ya kwanza kabisa ni kuhakikisha chaguo lako la raundi ya kwanza la mwaka unaoporomoka ni lako.

---

Sahani_Nyeusi

Hiyo ya mwisho sina la kupinga. Lakini naona tunachagua mifano iliyofaulu. Mbona hatusemi Buffalo? O'Reilly kaondoka 2018. Sam Reinhart kaondoka Julai 2021 kwenda Florida kwa kipa chipukizi Devon Levi na chaguo lililotua namba 28. Reinhart huyo akafunga mabao 57 msimu wa 2023–24 na bao la ushindi la mchezo wa saba wa fainali 2024. Jack Eichel kaondoka Novemba 2021. Misimu 14 mfululizo bila mtoano, kuhesabu hadi 2024–25. Waliuza kwa kufuata kila kanuni mnayoitaja hapa, na watu wote watatu wametwaa kombe kwingine.

---

Mstari_wa_Bluu

Kwa Eichel hapana, mkuu, kanuni hazikufuatwa, na ndiyo sababu namtaja kila mara.

Mkataba wake: miaka minane, milioni 10 kwa msimu, kuanzia 2018–19. Kipengele cha kutohamishwa bila ridhaa yake kilikuwa kinaanza majira ya joto ya 2022. Kabla ya hapo Buffalo wangeweza kumpeleka timu yoyote. Baada ya hapo angechagua yeye. Dirisha halisi la kuuza kwa ushindani lilikuwa kati ya 2020 na 2021, na likaangukiwa na jeraha: Machi 2021 diski ya shingo ilipasuka. Eichel alitaka kuwekewa diski ya bandia, upasuaji ambao hakuna mchezaji wa NHL aliyewahi kufanyiwa na kurudi uwanjani. Klabu ilitaka mifupa iunganishwe. Makubaliano ya ligi yaliipa klabu kauli ya mwisho juu ya matibabu. Miezi ikapita bila upasuaji wowote. Septemba akavuliwa unahodha.

Sasa fikiria uko upande wa mnunuzi. Mchezaji hajatibiwa, hajulikani atarudi lini, mshahara ni milioni 10, na kikomo kimeganda kwenye milioni 81.5 tangu janga la korona. Ni timu chache zenye nafasi na ujasiri kwa pamoja. Novemba 4 wakamtoa Vegas kwa Alex Tuch, Peyton Krebs, chaguo la kwanza la 2022 lililolindwa kumi bora (likitua humo, Vegas wanabaki nalo), na la pili la 2023. Siku chache baadaye akafanyiwa upasuaji alioutaka. Mwaka 2023 akawa kinara wa pointi (mabao na pasi za mabao) kwenye mtoano, 26, na kombe mkononi.

Tuch ni mchezaji kamili na alikuja kwa mkataba wa bei nzuri, milioni 4.75. Dili halikuwa takataka. Lakini ugomvi wa hadharani na nyota ni kumpunguza bei mwenyewe.

---

Mzee_wa_Kipindi_cha_Tatu

Nimewasoma wote. Mimi ni wa upande wa kubaki na nyota, ila si kila nyota.

Colorado walimuuza Duchene, lakini hawakumgusa Nathan MacKinnon. Alikuwa na miaka 22, mkataba wa milioni 6.3 hadi 2023. Wala Gabriel Landeskog, wala Mikko Rantanen. Kipimo changu ni hiki: chukua mwaka unaodhani kwa ukweli timu itarudi kushindania kombe, uhesabu nyota atakuwa na umri gani na mshahara gani mwaka huo. MacKinnon 2022 alikuwa na miaka 26 kwa mshahara wa nusu ya thamani yake. Mtu wa namna hiyo hauzwi hata uletewe machaguo manne. Karlsson mwaka 2025, Ottawa waliporudi kwenye mtoano, alikuwa anaelekea miaka 35. Angekuwa amekula milioni 10 na zaidi kila msimu ambao timu haikuwa inashinda chochote.

Kwa kipimo hichohicho, Chicago walikosea kwa Alex DeBrincat. Alikuwa na miaka 24 na ametoka kufunga mabao 41. Julai 2022 wakamtoa Ottawa kwa chaguo la saba, la 39 na la raundi ya tatu la 2024. Wa saba ni beki Kevin Korchinski. Nia ilikuwa wazi: washuke wapate nafasi kwenye drafti ya 2023, na kweli wakampata Connor Bedard. Lakini Bedard akafika kwenye timu isiyo na mtu wa kumalizia pasi zake. DeBrincat akafunga 39 Detroit msimu wa 2024–25. Angekuwa na miaka 27 wakati Bedard ana 19. Umri ulikuwa unalingana vya kutosha.

---

Kikomo

Mzee, kwa DeBrincat kuna kitu umeruka. Mwaka wa mwisho wa mkataba wake mshahara halisi ulikuwa milioni 9, ingawa kwenye kikomo alihesabika 6.4. Ofa ya lazima ya kubaki na haki zake 2023 ilikuwa lazima ilingane na hiyo milioni 9, na mwaka mmoja baadaye anakuwa huru kabisa. Yaani Chicago walikuwa na miaka miwili ya udhibiti, mmoja kati yake ghali. Ottawa walikuja kugundua hilo: mwaka mmoja tu, Julai 2023, wakamuuza Detroit kwa bei ndogo kuliko waliyomnunulia. Chicago waliuza kabla, Ottawa wakabaki na saa inayokimbia.

Unaweza kusema wangemsainisha miaka minane. Sawa, lakini hapo unabishana juu ya mkataba na siyo biashara.

Na kwa kuwa tumefika Chicago, tuzungumzie kubakiza mshahara, maana mashabiki wengi wanatunga dili zisizowezekana. Klabu inayouza inaweza kubaki na hadi asilimia 50 ya mshahara wa mchezaji. Inaruhusiwa kuwa na mikataba mitatu tu ya namna hiyo kwa wakati mmoja. Mkataba mmoja unaweza kubakizwa na klabu mbili tofauti, ndiyo sababu timu ya tatu inaingia katikati. Patrick Kane, Februari 2023: mshahara milioni 10.5, Chicago wakabaki na nusu, Arizona wakabaki na nusu ya nusu, New York Rangers wakambeba kwa milioni 2.625 tu. Tangu 2025–26 mlango huo umebanwa, kati ya kubakiza kwa kwanza na kwa pili zipite siku 75 za msimu wa kawaida.

Pamoja na punguzo lote hilo Chicago waliambulia chaguo la raundi ya pili, ambalo lingekuwa la kwanza kama Rangers wangefika fainali ya kanda. Wakatolewa raundi ya kwanza na New Jersey. Kwa nini bei ndogo hivyo kwa Kane? Kipengele cha kutohamishwa. Alitaka New York, na New York walijua hawana mshindani.

San Jose ndio wa kujifunzia hatari ya zile nafasi tatu. Walimtoa Burns Carolina 2022 wakabaki na asilimia 34 hadi 2025. Wakamtoa Karlsson Pittsburgh Agosti 2023 wakabaki na milioni 1.5 hadi 2027. Wakamtoa Tomas Hertl Vegas Machi 2024 wakabaki na asilimia 17 hadi 2030. Nafasi zote tatu zikajaa. Kuanzia hapo hadi mkataba wa Burns ulipoisha, hawakuweza kumpunguzia mnunuzi hata senti moja kwa mchezaji mwingine. Timu inayojijenga upya kila Februari ina wachezaji wawili watatu wa kuuza kwa miezi ya mwisho, na punguzo la asilimia 50 ndilo linalogeuza chaguo la raundi ya nne kuwa la pili. Usizijaze nafasi hizo kwa mikataba ya miaka sita kabla hujahesabu unapoteza nini kila mwaka.

---

DadaWaMagongo

Na Karlsson huyohuyo anaihitimisha hoja ya kalenda. Msimu wa 2022–23 alipata pointi 101, wa kwanza kati ya mabeki kufika 100 tangu miaka ya mwanzo ya tisini, tuzo yake ya tatu ya Norris. Msimu bora wa maisha yake. San Jose wakapata nini? Chaguo moja la kwanza lililolindwa kumi bora, na Mikael Granlund, Jan Rutta na Mike Hoffman, ambao mishahara yao ilihitaji pa kwenda. Miaka minne imebaki, milioni 11.5, miaka 33, na ridhaa yake inahitajika. Ottawa 2018, kwa mchezaji aliyetoka kwenye msimu wa pointi 62 baada ya upasuaji wa kifundo cha mguu, walipata zaidi.

---

Mzee_wa_Kipindi_cha_Tatu

Hapo nimekuelewa, dada. Nabakia na moja: bahati nasibu imebadilika, msitumie hesabu za 2017 na 2019. Zamani nafasi tatu zilichezeshwa, wa mwisho alikuwa na asilimia 18 au 18.5 na aliweza kushuka hadi wa nne, kama ilivyowakuta Colorado na Ottawa. Sasa zinachezeshwa mbili tu, aliyeshinda hapandi zaidi ya nafasi kumi, na wa mwisho hawezi kushuka chini ya tatu. Nafasi yake ya kuchagua wa kwanza ni asilimia 25.5. Kuporomoka kabisa kuna uhakika zaidi kuliko enzi za Karlsson, kwa hiyo chaguo lako mwenyewe lina thamani kuliko lilivyokuwa, na la mnunuzi anayeshinda lina thamani ileile. Ukipangia bei ya nyota wako leo, anza kwa kujiuliza kuondoka kwake kutakushusha nafasi ngapi kwenye msimamo. Hayo nayo ni malipo, ingawa hayaandikwi kwenye dili.

---

Sahani_Nyeusi

Basi tufunge hesabu ya Ottawa kwa kilichopo kikosini. Norris alisaini 2022, miaka minane kwa milioni 7.95, baada ya msimu wa mabao 35. Bega likamsumbua misimu miwili iliyofuata. Machi 2025 akapelekwa Buffalo pamoja na Jacob Bernard-Docker, wakaja Dylan Cozens, Dennis Gilbert na chaguo la raundi ya pili la 2026. Cozens ana milioni 7.1 hadi 2030. Stützle ana milioni 8.35 hadi 2031.

Kwa hiyo ukifuata mti wa dili la Septemba 2018, leo Ottawa wana masenta wawili kwa jumla ya milioni 15.45, ndani ya kikomo cha milioni 95.5 cha msimu wa 2025–26. Bado nasema walichelewa miezi saba, hapo niko na Nahodha65. Lakini pingamizi langu kwa neno "zuri" nimeliondoa.

---

Nahodha65

Nimepokea, mkuu. Kesho nitaweka jedwali la nyota wote wa timu kumi za mkiani: mwaka wa mwisho wa mkataba, tarehe ya bonasi, mwaka kipengele cha kutohamishwa kinapoanza na idadi ya timu kwenye orodha yake ya anazokubali au kukataa, na kama klabu bado inamiliki chaguo lake la raundi ya kwanza. Mwenye kuona pengo alijaze.